Mti Juu ya Mabati

Shemeji yangu Wepukhulu alikuwa na kichwa kigumu, na kabla sijawaambia wema wake wowote lazima niwaambie hilo. Watu wakipita pale kwetu, nje kidogo ya Bungoma, njia ya kwenda Chwele, wanaona ile nyumba yenye mabati yaliyoshika kutu wanasema, "Aa, ya zamani hiyo." Hawajui kitu. Ile ndiyo iliyokuwa nyumba ya kwanza ya mabati upande wetu wote, na ilibaki kidogo tu iezuliwe mchana kweupe, mwenyewe akiwa ndani anakunywa chai.

Mimi ni Rispah, mke wa Barasa, na Barasa ni mdogo wake Wepukhulu, baba mmoja mama mmoja. Niliolewa pale mwaka wa thelathini na tatu, nikapewa nyumba ya nyasi iliyotazamana na yao. Kwa hivyo mimi sisimuliwi. Nimemwona akicheka, nimemwona akinuna, nimempikia ugali mke wake alipojifungua, na nimemtania mpaka Barasa akaniambia nipunguze mdomo. Sikupunguza. Shemeji ni wa kutaniwa, na yeye alipenda utani kuliko nyama.

Kazi yake ilikuwa maksai. Alikuwa dereva wa ng'ombe kwa Mzungu mmoja karibu na Kitale, na msicheke, maana siku zile dereva wa maksai alikuwa mtu. Wenzake walipiga kelele na mijeledi mpaka koo zikakauka. Wepukhulu aliongea na ng'ombe polepole, kwa heshima, kama mtu anayeomba apishwe njiani. "Tarumbeta, baba, sogea kidogo." Na Tarumbeta, dume jeusi lenye hasira lililowahi kumvunja mtu mguu, linasogea! Nilimuuliza siku moja kama na mke wake anamwomba hivyohivyo. Akasema, "Huyo hasogei."

Msimu wa kuvuna walikuwa wanalala ndani ya ghala la Mzungu kulinda mahindi, na ghala lile lilikuwa la mabati. Huko ndiko alikopata ugonjwa wake. Alirudi likizo akatuambia kwamba mvua ikipiga bati mtu husahau hata anaodaiana nao. Alitaka kulala chini ya sauti ile nyumbani kwake. Si ghalani kwa mtu. Kwake.

Kitale kulikuwa na mfanyabiashara wa mbao na mabati, Gachanja, mtu wa kutoka Nyeri huko, mwembamba, mwenye koti refu na sauti kubwa isiyolingana na mwili. Walikuwa wanajuana, maana Wepukhulu ndiye aliyemletea mbao kutoka stesheni kwa gari la ng'ombe. Basi wakakubaliana. Wepukhulu apewe mabati yote sasa, alipe kidogo kidogo kila mwezi kutoka kwa mshahara. Na Gachanja akamwambia wazi, mbele ya watu: "Mabati ni yangu mpaka umalize. Ukiacha kulipa, nakuja natoa." Wepukhulu akacheka, wakashikana mikono.

Shamba letu lilikuwa la ukoo, hakuna mtu wa nje angeweza kulichukua. Lakini kuta za nyumba ile zilikuwa za matope. Mabati yakitoka, mvua ya masika moja tu ingeirudisha nyumba nzima kuwa udongo. Wilkista, mke wake, alilijua hilo tangu siku ya kwanza, na ndiye aliyeuliza, "Na usipoweza kulipa?" Mume wake akamjibu kwamba kazi ya maksai haiwezi kuisha Kitale.

Haya. Nyumba ikajengwa, mwaka wa thelathini na nane. Ilikuwa nzuri, jamani! Iling'aa mpaka kuku wetu wakaiogopa. Siku fundi alipokuwa akimalizia kule juu kwenye mgongo wa paa, Wepukhulu akatokea nyuma ya nyumba amebeba mti mrefu, mnyoofu, aliouchonga mwenyewe.

Lazima nieleze hapa. Kwetu, nyumba ya mwanamume mwenye boma huwa na mti umechomoza juu kabisa kwenye kilele. Mti ukisimama, mwenyewe yuko hai. Akifa ndipo wazee huung'oa, na mpita njia akiona paa halina mti, anajua hapo mwenye nyumba ameenda. Kwa nyumba ya nyasi hilo ni jambo rahisi, nyasi hukubali. Lakini bati?

"Mzee, nitoboe bati jipya?" fundi akauliza. "Mvua itaingia."

"Toboa."

Wilkista alikuwa mtu wa kanisa, tena wa mstari wa mbele. "Baba Dinah, hayo ni mambo ya kizamani. Hata Mzungu hana mti juu ya nyumba yake."

"Ndiyo maana nikiingia kwake sijui kama yuko hai," akasema. "Mabati bila mti ni ghala, Mama Dinah. Mimi sikujenga ghala."

Bati likatobolewa. Mvua ya kwanza ikaja, naye akalala chali kitandani asikilize kama alivyotamani miaka yote, na tone la kwanza likamwangukia usoni. Nikiwa kwangu nilimsikia Wilkista akicheka. Asubuhi wakasogeza kitanda, na tangu siku hiyo mvua ikianza kunguruma, Wilkista anachukua karai, analiweka palepale chini ya tundu, na analalamika. Kila mvua karai, kila karai lawama. "Mti wako unatia maji kwenye chai yangu. Mti wako umelowesha unga. Huo mti nitaung'oa mimi mwenyewe." Wepukhulu anatabasamu tu, anasikiliza bati.

Halafu vita ya Wazungu ikaanza. Mzungu wake akavaa sare akaenda, shamba likaachiwa jirani ambaye alikuwa na madereva wake. Wepukhulu akarudi nyumbani na maksai wawili wazee badala ya mshahara wa mwisho: Tarumbeta na mwenzake Simba. Malipo ya mabati yakasimama. Mwaka uliofuata mahindi hayakufanya vizuri, tukala tulichopata, hakukubaki cha kuuza.

Wilkista akamwambia auze maksai. Mimi nikamwambia auze maksai. Barasa, ambaye haongei, akaongea, akasema auze maksai. Kichwa kigumu! "Nikiwauza hawa nitalipa nusu, halafu nitakuwa nani? Mtu wa kukaa chini ya mabati bila kazi?" Akaendelea kuwapeleka malishoni kila asubuhi, anapiga gumzo nao njiani, na sisi tunamwangalia na njaa yetu.

Kumbe vita ilikuwa imefanya jambo lingine. Mabati hayakuja tena kutoka Ulaya. Bei ikapanda, hata bati kuukuu likawa mali. Gachanja akatuma neno mara ya kwanza kwa watu wa soko, akatuma mara ya pili. Wepukhulu akajibu kwamba anamsalimu sana. Ndivyo alivyojibu, "mwambieni namsalimu," na mimi nikamwambia, "Shemeji, salamu hazilipi deni." Mara hiyo hakucheka. Aliinua macho akaangalia paa lake, na nikaona ameogopa. Sikuwahi kumwona akiogopa kabla ya siku hiyo.

Aprili, mwaka wa arobaini na moja, tukasikia lori. Gachanja alikuwa amelikodi Kitale, na petroli ya siku hizo ilikuwa ya kutafuta kwa tochi, basi tukajua hakuja kutembea. Akapita stesheni ya Bungoma akachukua vijana wa kubeba mizigo, wenye nguvu na bei rahisi. Hapo ndipo alipokosea. Alichukua watu wetu.

"Hodi, Wepukhulu."

"Karibu, Bwana Gachanja. Mama Dinah, ongeza maji ya chai."

"Sikuja kunywa chai. Nimekuja kuchukua mabati yangu."

"Najua. Lakini chai haizuii mabati."

Akaketi ndani, akamimina kikombe, akaanza kunywa. Chai ilimwagika kwenye suruali, mimi niliona. Wilkista alikuwa ameshaanza kutoa vitu nje: sufuria, blanketi, Biblia, picha ya Dinah ya shuleni. Nikamsaidia.

Vijana wakashusha ngazi. Mkubwa wao, jamaa mmoja mwenye mabega kama mlango, akapiga hatua mbili, akainua macho, akasimama. Akachungulia ndani, akamwona Wepukhulu na kikombe chake. Akarudi kwa Gachanja.

"Bwana, huyu mzee ako hai."

"Si naona ako hai! Nani amesema amekufa? Nimesema toeni mabati."

"Na ule mti?"

"Umeshika mgongo wa paa. Toa mti kwanza, halafu mabati yatatoka."

"Weee!" Yule kijana akaweka nyundo chini kama imemchoma. "Nitoe mti wa mtu ako hai? Mimi nina baba, bwana. Nina watoto. Tafuta mwingine."

Gachanja akaongeza pesa. Vijana wakaangaliana, wakaenda kuketi kwenye ua, wote. Akaongeza tena. Mmoja akaanza kutafuna majani. Gachanja akavua koti lake refu, akalitupa chini kwa hasira. "Basi shikeni ngazi. Nitapanda mimi."

Akapanda. Alikuwa mwepesi, kwa haki nitamsifu. Akatembea juu ya mgongo wa paa mpaka akaushika ule mti kwa mikono miwili. Wepukhulu akatoka nje na kikombe mkononi, akasimama uani, akainua uso.

"Bwana Gachanja, mabati ni yako, sijabisha. Lakini mti ni wangu. Ukitoka huo, mimi nimekufa. Watu watakuja, watalia, nitapigiwa matanga. Sasa nikuulize, baada ya hapo utamdai nani?"

"Usinichezee!"

"Sichezi, rafiki yangu. Nauliza."

Gachanja akautikisa. Bati likalia, ule mti ukainama kidogo.

Hapo Wilkista akapiga mayowe.

Mungu wangu, mayowe yale! Alivuta kitambaa kichwani akakitupa, akajiangusha chini, akalia kilio cha mjane, kile chenyewe, kinachosikika mpaka mtoni. Huyu ni Wilkista aliyekuwa akiulaani ule mti kila mvua. Watu wananiuliza mpaka leo kama alikuwa anaigiza. Mimi nilimkimbilia, nikamshika, na alikuwa baridi mwili mzima. Alikuwa akisema, "Baba Dinah, Baba Dinah," na Baba Dinah amesimama hatua chache kutoka pale. Hayakuwa maigizo.

Kwetu kilio hakingoji mwaliko. Majirani wakaja mbio kutoka kila upande, wanawake mikono kichwani, mzee mmoja na fimbo yake anahema. "Nani? Nani amekufa?"

"Ni mimi," Wepukhulu akasema. "Lakini bado kidogo. Hajamaliza kuning'oa."

Watu wote wakainua macho, wakamwona mgeni juu ya paa amekumbatia mti. Mzee mwenye fimbo akamwita kwa upole, "Mwanangu, kwenu hakuna wazee?" Na Gachanja, niwaambie kweli, hakuwa mtu mbaya. Akauangalia mti, akawaangalia watu, akamwangalia Wilkista pale chini. Mikono yake ikaachia. Kisha, polepole sana, akaunyoosha ule mti mpaka ukasimama wima kama ulivyokuwa.

Mvua ikamkuta ngazini. Aprili haina subira. Tukakimbilia ndani sote tulioweza kutoshea, na bati likaanza kunguruma hivi kwamba hakuna aliyesikia mwenzake. Gachanja akaketi kwenye kiti alichopewa, na tone likamwangukia begani. Akahamisha bega. Likamwangukia gotini. Wilkista, macho bado mekundu, akaja na karai akaliweka miguuni pake bila kumtazama. Gachanja akainua uso akaliona lile tundu, na mvua ilipopungua neno lake la kwanza lilikuwa, "Ati umetoboa bati langu jipya?"

Nilicheka mimi. Mwisho akacheka na yeye, akapokea chai.

Lakini deni lilikuwa bado lipo, msidhani kicheko kililifuta. Walipotoka nje, lori lilikuwa limezama matope mpaka kwenye ekseli. Vijana walisukuma, dereva alikanyaga moto, petroli ile ya thamani ikawa moshi. Wepukhulu akaenda zizini bila kuambiwa. Akarudi na Tarumbeta na Simba, akafunga minyororo, akainama kwenye sikio la Tarumbeta akamwomba. Lori likatoka. Gachanja alisimama kwenye matope akiwatazama wale maksai, na nikaona hesabu ikipita usoni mwake.

"Hawa wanafika mlimani? Mpaka Kapsokwony?"

"Wanafika, mvua au jua."

"Petroli hakuna. Nina mizigo ya maduka ya huko imelala stesheni wiki ya tatu sasa."

Wakashikana mikono tena. Miaka ile ya vita Wepukhulu alibeba misumari, chumvi na mafuta ya taa ya Gachanja kwenye njia zile za mlima zilizosimama kama ukuta, na kila safari ilipunguza deni. Simba alifia njiani. Wepukhulu akanunua mwingine, akamwita Simba pia. Vita ilipoisha, mabati yalikuwa yake. Gachanja mwenyewe alikuja kusema hivyo, na akaleta kopo la lami la kuziba tundu. Wakapaka pamoja, wazee wawili juu ya paa wanagombana. Mvua ya kesho yake ikapita palepale. Wilkista akaweka karai.

Tangu hapo Gachanja alipokuwa akishuka Bungoma kwa biashara lazima apitie kwetu. Akifika pale njia inapopinda, kabla hata hajaliona boma, anainua macho kutafuta kilele, halafu anapaza ile sauti yake kubwa: "Uko?" Na Wepukhulu, popote alipo, shambani au zizini, anajibu, "Angalia juu!" Watoto wetu wakaufanya mchezo wao.

Wepukhulu alitutoka mwaka wa hamsini na moja, kifua, wiki moja tu ya kulala. Wazee wakaja, na Barasa wangu ndiye aliyepanda na kuung'oa mti. Barasa haongei, lakini aliposhuka nao alikuwa akilia kwa sauti. Kitale tulituma mtu, na yule mtu hakumkuta Gachanja, ameenda kwao kuona mama yake. Kwa hivyo hakujua.

Wiki kadhaa baadaye nilikuwa napalilia maharagwe karibu na njia. Nikamwona anakuja, na koti lake, na kifurushi cha sukari kwapani. Akafika penye kona. Akainua macho, mdomo ukafunguka kuita. Niliacha jembe nimkimbilie nimwambie mimi kwanza, lakini nilikuwa nimechelewa. Alisimama pale akiangalia mabati matupu. Kisha akavua kofia, akaketi kando ya njia kwenye nyasi, na sukari yake mapajani, akalia.

Alikaa kwetu siku mbili. Siku ya pili akaomba ngazi, akakata kipande cha bati jipya, akapanda akaziba lile tundu. Safari hii hapakuwa na mti wa kumsumbua. Alipiga nyundo mpaka akaridhika, akatuaga, akaenda kupanda treni.

Jioni mawingu yakakusanyika. Nilikuwa nimeketi na Wilkista ndani, tunachambua maharagwe. Bati liliponguruma akainuka, akachukua karai, akaliweka mahali pake, akarudi kuketi. Mvua ikanyesha sana. Nyumba ilikuwa imejaa ile sauti aliyoipenda marehemu. Wilkista akachambua, akachambua, halafu mikono ikasimama. Akaliangalia karai. Halikuwa na tone.

Akasogea karibu na sikio langu, maana mvua ilikuwa kubwa, akasema, "Rispah, sasa ndiyo amekufa."

Nikamshika mkono, tukasikiliza bati mpaka mvua ikaisha.